Daftari la Kapela

Nililinunua kwenye mnada wa chama cha tumbaku,
Prado la zamani, jeupe kwa jina tu,
mchanga wa Kitunda umeingia hadi ndani ya redio.
Wengine walipiga matairi mateke.
Mimi nilifungua kisanduku cha mbele, nikakuta
fyuzi mbili, ganda la karanga, na daftari la mistari
linalonuka dizeli: Kapela, dereva.

Sijawahi kumwona. Wapo wanaosema alihamia Urambo,
wapo wanaosema figo. Namjua kwa mwandiko,
ulioinamia kulia kama gari lenye springi moja iliyochoka.
Na alikuwa mtu wa vina:

     Maji usiyafungue, injini ikiwa moto,
     kaa kando upumue, usilete ya utoto.

Kovu hili mkononi ni la wiki ya kwanza,
kabla sijafika ukurasa wa nne.

Siku hizi nabeba asali, ndoo ishirini kila safari,
na kabla ya ufunguo nina sala yangu ya mikono:
kijiti cha oili, futa, chovya, soma;
kidole kwenye mkanda wa feni, ubonyee kidogo, usizame;
tamino za betri, ule unga wa kijani,
maji ya moto na mswaki mkuukuu wa mwanangu.
Kisha nawasha, nazunguka nyuma.

     Moshi mweupe ni maji, mweusi chujio chafu,
     wa bluu ndio mlaji, ringi zake ni dhaifu.

Wetu ni mweusi kidogo. Sibishi.
Hata mimi asubuhi huwa hivyo.

Mwezi wa saba, ng'ambo ya Ipole, likazima.
Halikukohoa, halikuaga. Mbung'o wakaja
kana kwamba tulikuwa na miadi.
Mihayo, kijana wangu wa ndoo, akasema injini imekufa.
Akasema pampu. Akasema, kwa sauti ya chini, mkono wa mtu.
Nikafungua daftari: ANZA NA KILE CHA BEI RAHISI.
(Hapo hakuna vina. Labda siku hiyo naye aling'atwa.)
Fyuzi nzima. Dizeli ipo. Nikabonyeza pampu ya mkono
juu ya chujio: laini, kama mkate wa jana asubuhi.
Hewa. Inaingilia wapi?
Nikapitisha vidole kwenye mpira wa dizeli, taratibu,
kama atafutaye mwiba kwenye unyayo wa mtoto,
nao ukanijibu kwa unyevu: ufa, mfupi kuliko kucha.
Nikakata, nikachomeka, nikakaza klipu kwa sarafu,
nikabonyeza hadi pampu ikagoma. Mara ya tatu likawaka.
Mihayo akauliza nani alinifundisha.
Nikamwonyesha mwandiko.

Ukurasa wa mwisho panya wameula. Wamebakiza huu:

     Kushoto gurudumuni, kukilia kama kuku,
     usiende, shuka chini

basi. Miaka miwili naendesha sikio likiwa kushoto.
Na Jumanne, tukitoka Kitunda, kukalia. Kuku kabisa.
Nikasimama, nikapiga jeki, nikashika tairi juu na chini,
nikalitikisa. Beringi kimya. Nati zote zimekaza.
Niko chali mchangani, mgongo umelowa jasho,
Mihayo akainama:
"Mama, yule tetea tuliyepewa na Bi Nyanzala
yuko chini ya kiti. Kamba imembana."

Usiku, nyumbani Cheyo, nikahesabu mizani kwa vidole
nikamalizia mstari wa mtu nisiyemjua:

     usiende, shuka chini, huenda ni kweli kuku.

Nikacheka peke yangu. Nikatia tarehe.

Leo Ijumaa. Tetea yuko bandani, anatamia.
Nimevuka reli na ndoo zangu, vioo vimepandishwa,
Mihayo amesinzia,
na kushoto, mbele, kuna kitu kinalia.